Vibuyu vya Nabintu Juu ya Meko

Jani la vuli lina tabia zake, nalo halipendi kuharakishwa. Nta ikiwa ya moto mno, jani linajikunja kama sikio la mbuzi. Ikiwa imepoa, inaganda juu yake mabonge mabonge kama ugali wa mvivu. Nabintu alilijua hilo kwa kuunguza vidole. Alilishika jani kwenye kikonyo chake, akalichovya ndani ya sufuria ndogo, akalinyanyua, akangoja tone la mwisho lidondoke, kisha akalilaza juu ya karatasi pamoja na wenzake. Kulikuwa na mekundu, na ya njano, na mengine yenye rangi ya chai isiyo na maziwa. Yote aliyaokota mwenyewe hapo hapo mtaani kwao West Side, Buffalo, asubuhi, wakati wa kungoja basi la kwenda kazini.

Ufundi huo hakuupata kwa mama yake. Aliupata kwa bibi mmoja wa Kizungu ambaye Nabintu alikuwa akimtunza kazini kule Lackawanna, bibi ambaye miguu yake ilikwisha kukataa lakini mikono ilikuwa hai. Kila vuli bibi yule alipamba rafu ya mbao iliyo juu ya meko ya ukutani, kwa vitu alivyovitengeneza kwa mkono wake, na alikuwa akimwambia Nabintu kwamba nyumba isiyopambwa vuli ni kama mtu aliyekwenda harusini na nguo za kulalia.

Kwao Nabintu nako kulikuwa na meko ya namna ile, maana nyumba za mtaa wao ni za mbao na za zamani. Haikuwaka, bomba lake la moshi lilizibwa kabla hawajahamia. Lakini rafu yake nene ilibaki, na katikati ya rafu ilikaa picha ya baba yake, marehemu Mushagalusa, amevaa koti la kijivu, akitabasamu kwa upande mmoja tu wa mdomo. Tangu walipoiweka pale, hakuna aliyewahi kuiondoa. Ilifutwa vumbi, ikarudishwa palepale.

Sasa Nabintu alikuwa akiipamba rafu ile kwa ajili ya moyo wake. Jumamosi hiyo alikuwa anakuja shangazi wa Rugamba, kijana aliyempenda.

Rugamba alikutana naye Columbus, katika harusi ya Umutoni, binamu wa Rugamba. Nabintu alikwenda kuimba na kwaya ya kanisa lao. Mvua ikawakuta uwanjani wakati wa picha, na kijana mrefu aliyetoka Louisville akavua koti lake, akamwekea mabegani bila kusema neno, kisha akakaa sherehe nzima meno yakigongana, akiapa kwamba yeye hasikii baridi. Nabintu alicheka. Kicheko kile ndicho kilichowaponza wote wawili. Tangu siku hiyo Rugamba alimpigia simu kila mapumziko ya kazi, kutoka ghala moja la Okolona, huko Louisville, alikokuwa akiendesha mashine ya kuinua mizigo, na ile milio ya mashine nyuma ya sauti yake ikawa kwa Nabintu tamu kuliko kinanda cha kanisani. Hamu ilipowazidi, walikutana Columbus, kwa kuwa iko njiani kati yao, nyumbani kwa Shangazi Rakeli aliyemlea Rugamba tangu mama yake alipofariki.

Na mwiba ulikuwa hapo. Rakeli alimkaribisha vizuri, akampa maziwa ya moto, akaisifu sauti yake. Lakini Nabintu alipotoka, Rakeli alimwambia Rugamba maneno mengine, na Rugamba, ambaye hajui kuficha kitu, aliyabeba yote mpaka kwenye simu. Msichana ni mzuri, Shangazi alisema, ila si wetu. Yeye ni wa kabila la Washi, sisi ni watu wa milimani. Watoto wake hawatajua hata jina langu, na mimi katika nyumba yako nitakuwa mgeni wa kugonga mlango. Kwa kuombwa sana, alikubali jambo moja tu: atakwenda Buffalo aione nyumba ile kwa macho yake, halafu atasema ndiyo au hapana. Na Rugamba alikwisha sema wazi kwamba hataoa bila baraka za mwanamke aliyemfuta kamasi.

Basi Nabintu alifikiri sana ampokeeje. Akakumbuka habari aliyowahi kuambiwa na Rugamba, kwamba katika nyumba ya Shangazi kule milimani palikuwa na mahali palipoinuliwa kwa udongo, panaitwa uruhimbi. Vyombo vya maziwa vilipangwa pale kwa mstari, kila kimoja na mfuniko wake wa kusukwa, umechongoka juu kama mlima mdogo. Mgeni akiingia, jicho lake lilianzia pale, na kwa pale aliijua nyumba. Nabintu aliinua macho, akatazama rafu yao juu ya meko, akaona jambo lile lile.

Alinunua vibuyu vidogo vyenye shingo, vile vinavyouzwa pamoja na maboga wakati wa vuli. Akavitoboa, akavikwangua ndani, akavikausha, akavisugua kwa mafuta mpaka vikang'aa. Kisha akakusanya maganda ya mahindi. Aliyaloweka katika maji ya vuguvugu ili yasikatike, akayachana kwa pini yawe nyuzi nyuzi, nusu akazitia rangi nyeusi, akaanza kusuka na kushona duara juu ya duara, kila duara dogo kuliko lililo chini yake. Umutoni alimwelekeza kwa simu ya video huku akimcheka. Mfuniko wa kwanza ulitoka umeinama kama kofia ya mlevi, wa pili ukawa bapa kama sahani. Ule wa tatu ulisimama, na Umutoni akaacha kucheka, akamwambia amwonyeshe tena karibu na taa.

Mama yake, Dafroza, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama kutazama. Vibuyu vimepangwa kulia na kushoto kwa picha, kutoka kikubwa mpaka kidogo. Chini yake utepe wa majani yaliyochovywa nta, na kati ya jani na jani mbegu za mwaloni zimetungwa kwa uzi. Dafroza alipindisha midomo. Alikuwa mwanamke wa kiwandani, mikono yake minene, na sifa hakuzitoa hovyo. Alisema tu kwamba Nabintu anapambia watu ambao hata kukaa hawajakaa.

"Mama, ni wageni."

"Bon, wageni. Lakini nisikie neno moja baya juu ya mutoto wangu, donc, mulango ni uleule waliingilia." Akageuka kurudi jikoni, kisha akarudi hatua, akaunyoosha utepe mahali ulipokuwa umelegea.

Gari lilisimama mbele ya nyumba mchana, jua la vuli likiwa limelala juu ya majani ya barazani. Rugamba aliteremka kwanza. Alikuwa ameendesha tangu Louisville, akapitia Columbus kumchukua Shangazi, na uchovu ulimjaa machoni. Lakini macho yale yalipompata Nabintu mlangoni, uchovu uliyatoka kama ndege waliotupiwa jiwe. Hakumgusa, maana wakubwa walikuwepo. Alimtazama tu, kidogo zaidi ya inavyoruhusiwa, na Nabintu akahisi shingo yake inapata joto.

Rakeli alishuka polepole. Alivaa mshanana, lile vazi la kufungwa begani, la rangi ya zambarau, juu ya sweta nene, na chini viatu vizito vya baridi. Alimkumbatia Dafroza kwa salamu ndefu za kwao, za kushikana mikono na mabega, akiulizia watoto, kazi, afya, usingizi. Dafroza alijibu kila kitu. Walikuwa kama wanawake wawili wanaonunua kitambaa kimoja, kila mmoja akikipima kwa vidole bila kutaja bei.

Kisha Rakeli akaingia sebuleni, na jicho lake likaenda kulekule.

Alikaribia meko. Alikigusa kibuyu cha kwanza, akakipapasa. Akauinua mfuniko wa maganda ya mahindi, akaugeuza, akatazama ndani mishono ilivyofichwa, akaurudisha taratibu kama mtu anayemlaza mtoto.

"Ni nani aliyesuka?"

"Ni mimi, mama."

"Weye mwenyewe? Na hii mikono?" Akamshika Nabintu vidole, akaviona vilivyochomwa na nta, na uso wake ukafunguka. Alianza kusimulia jinsi mama yake alivyomchapa kwa sababu ya mfuniko uliopinda. Kisha macho yake yakaendelea na mstari wa vibuyu, kikubwa, cha wastani, kidogo, yakafika katikati. Akaiona picha. Hadithi ikakatikia mdomoni.

Aliuliza kama huyo yungali hai. Dafroza akajibu kwamba ni mume wake, amefariki, amezikwa hapa hapa Buffalo. Rakeli akasema pole, kwa sauti ya kweli, kisha akarudi nyuma, akakaa ukingoni mwa kochi na mkoba wake magotini, kama mtu aliyekaa kituoni. Alimwambia Rugamba maneno machache kwa lugha yao, chini chini. Rugamba alitazama sakafu.

Nabintu aliingia jikoni kuchukua glasi, na Rugamba akamfuata. Alimweleza haraka haraka. Kwao vyombo vya maziwa haviwekwi pamoja na mtu aliyekufa. Maziwa ni uhai wa nyumba. Kumweka marehemu katikati yake ni kama kusema kwamba siku alipokwenda, ng'ombe nao walikwisha, na nyumba imefungwa. Shangazi anajua Nabintu hakukusudia. Lakini hawezi kula wala kunywa mbele ya kitu kile. Anaomba picha iondolewe.

"Iondolewe iende wapi?"

"Popote. Hapa jikoni. Saa moja tu, Nabintu. Tukiondoka unairudisha."

Nabintu aliziweka glasi chini. Alimpenda kijana huyu. Alilipenda hata lile kovu dogo lililo juu ya nyusi yake. Ndiyo maana maneno yalimtoka kwa shida.

"Leo baba yangu ajifiche jikoni kwa sababu wageni wamekuja. Kesho kutwa atajificha mama, kwa sababu hajui lugha yenu. Na mimi nitajificha lini?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema, ila hukujisikia ukisema."

Kwa mlango uliokuwa wazi ilionekana sebule nzima, mama wawili wamekaa bila kutazamana, na meko katikati yao na mapambo yake yote, majuma mengi ya vidole kuungua. Nabintu aliona kwamba kama atanyoosha mkono na kuitoa ile picha, Shangazi atasema ndiyo, na harusi itakuwepo. Kitendo kidogo tu. Akaona pia kwamba hatausahau mkono huo.

Akatoka jikoni. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meko. Dafroza alinyanyuka nusu, mkono mbele, kama anayetaka kudaka kitu kinachoanguka.

Lakini Nabintu hakuigusa picha. Alikishika kibuyu kikubwa cha kulia, akakishusha pamoja na mfuniko wake. Akashusha na cha pili. Alivishusha kwa utaratibu, bila hasira, akavipanga juu ya meza ndogo. Alipofika kwenye kile chenye mfuniko uliomfanya Umutoni anyamaze, kikateleza kwa mafuta, kikamponyoka.

Rugamba alikuwa amekwisha simama kando yake. Alikidaka. Alikiweka mezani, kisha akarudi akaanza kushusha vya upande wa kushoto, kimoja baada ya kingine, mbele ya macho ya mwanamke aliyemlea. Juu ya rafu kikabaki kile kijikoti cha kijivu na tabasamu lake la upande, na utepe wa majani unaong'aa chini yake.

Nabintu akapiga goti mbele ya Rakeli, kama wanavyosalimiwa wakubwa.

"Mama, nilikosa. Nilidhani nikiweka vyenu na vyetu pamoja nimewaheshimu wote. Sikujua. Vibuyu nimeviondoa. Lakini baba anabaki. Hii nyumba ni yake, na siwezi kumtoa ili mimi niolewe. Kama kwa ajili ya hilo utasema hapana, nitalia, lakini nitaipokea."

Nje basi la mji lilipita, vioo vya madirisha ya zamani vikatetemeka. Dafroza alisimama nyuma ya binti yake, kifua mbele, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye amekwisha kuuchagua mlango wa kuwatolea watu nje na anangoja sababu.

Rakeli aliuweka mkoba wake chini. Alipoanza kusema, alimwambia Rugamba kwanza, lakini kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie.

"Weye ulinidanganya. Uliniambia nakwenda kuona musichana mwenye sauti nzuri." Akaupeleka mkono wake kichwani kwa Nabintu. "Mimi niliogopa nini? Niliogopa mutoto wa Amerika, wale wanaosahau. Nilisema, huyu akiingia kwa kijana wangu, siku moja wageni wake watakuja, na mimi atanifunika na kitambaa kama kiti kilichovunjika. Sasa naona mutu aliyeshindwa kumufunika baba yake hata saa moja. Mutu kama huyo atanifunika mimi namna gani?"

Akainuka. Alivipeleka mwenyewe vibuyu dirishani, penye mbao pana na mwanga mzuri, akavipanga upya, na hapo akamwonyesha Nabintu kosa ambalo hakuna simu ingelionyesha: mfuniko hukaa na mshono wake wa mwisho ukitazama ukuta, ili mgeni asione pale kazi ilipokwisha. Alivigeuza vyote, kimoja kimoja. Dafroza alisogea kutazama, na kwa mara ya kwanza bega lake likagusana na la Rakeli.

"Vyombo vina pahali yake," Rakeli akasema, "na Baba Nabintu ana pahali yake. Hata Columbus kwangu nitafanya hivi. Mume wangu nimemuweka ndani ya kabati tangu tulipofika hii nchi. Nilikuwa naona haya."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Akakaza mshanana wake begani, akaenda mbele ya meko, akasimama kama wanavyosimama watu wa kwao mbele ya mwenye nyumba, akaitazama picha usoni.

"Mwenye nyumba," alisema, "tumepitia Columbus, na kijana wangu amekuja tangu Louisville. Hatukupotea njia. Tumeona ua ndani ya nyumba yako, tunaliomba. Hatuna haraka, lakini hatuondoki."

Dafroza alijifunika mdomo kwa kanga. Alipoutoa mkono alikuwa amerudi kuwa Dafroza. Alikumbusha kwamba leo waliambiwa ni kuona nyumba tu, na kwamba mambo ya kuomba yana wazee wake, yana wajomba, yana siku yake.

"Wanaume watakuja na ng'ombe zao," Rakeli akamjibu. "Mimi nimekuja na mudomo wangu. Nijibu, Mama Nabintu, kwa niaba yake."

"Hapana. Mimi sijibu. Kwetu tunauliza mutoto." Dafroza akajiweka sawa, akaunyoosha mgongo kando ya meko, bega kwa bega na mumewe. Sauti yake ikawa ile ya shughuli kubwa, ijapokuwa watu walikuwa wanne tu na chakula kilikuwa kinaungua jikoni. "Nabintu, mutoto wa Mushagalusa. Huyu mwanaume amesimama hapa. Unamujua? Tusije tukakula mahari ya watu bure."

Nabintu alimgeukia Rugamba. Kijana yule mrefu alikuwa ameinamisha kichwa, vumbi la vibuyu limemshika mikono. Akaomba ruhusa ya kusema kwanza. Alimwambia Nabintu, mbele ya mama zao, kwamba neno lile la jikoni lilikuwa la mtu mwoga, na kwamba hatamwomba tena amfiche mtu wake yeyote. Akasema hivyo bila kupamba. Kisha akainua macho, na macho yale yakangoja.

"Namujua," Nabintu akasema. "Nilidhani namujua kwa simu. Leo ndiyo nimemujua, aliposimama hapa kando yangu. Kuleni, mama. Ni mutu wangu."

"Sema kwa nguvu," Dafroza akasema, na machozi sasa yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyajali. "Na wa Louisville wasikie."

Rakeli akalisukuma dirisha juu, lile zito la mbao ambalo halijafunguliwa tangu kiangazi. Baridi ikaingia na harufu ya majani makavu. Nabintu akavuta pumzi ya mwimbaji, ile inayoanzia tumboni, akalisema tena neno lile, likatoka nje, likavuka barabara. Juu yake Rakeli akapiga kigelegele kirefu, na jirani wa upande wa pili akatokea barazani na ufagio wake, akatazama huku na huku, kisha, bila kujua ni kwa ajili ya nani, akaanza kupiga makofi.